Mwaka wa Sanduku la Sauti

Habari za kifo cha Bi Rukia zilinifikia nikiwa Makadara, nabishana na muuza vitunguu. Nilimwachia vitunguu vyake na ushindi wake, nikarudi Tudor kubadilisha nguo, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshakaa mkekani katika nyumba ya marehemu, Mji wa Kale, leso kichwani, miguu imeanza kufa ganzi. Nyuma yangu wasichana wawili walikuwa wananong'ona kwa mnong'ono wa matangani, ule unaomfikia kila mtu chumbani. Mmoja alitaka kujua marehemu alikuwa akifanya kazi gani zamani. "Ya simu," akajibiwa. "Kuuza simu?" "La, kupokea." "Kupokea simu nayo ni kazi?" Mwenzake alifikiri kidogo, akasema labda zamani simu zilikuwa nzito. Nilijifunika uso kwa leso, na mama mmoja aliyekuwa karibu, akidhani ninalia, akanipigapiga mgongoni. Nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe. Kisha, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mpole na haukuondoka, nikalia kweli.

Ilikuwa kazi, tena kazi hasa, na mwaka ule nilioajiriwa mimi ndio uliokusudiwa kuwa mwaka wake wa mwisho. Kampuni yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi zilikuwa orofa ya juu ya nyumba ya kale ya mawe, yenye ngazi zilizosimama wima kiasi kwamba mteja mwenye malalamiko alifika juu akiwa hana pumzi ya kugombana. Mwenye kampuni, Bwana Nassor, alizipenda ngazi zile kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa mzee wa Kiarabu wa hapo hapo mjini, mpole, mwenye kofia nyeupe na sauti ndogo, na shughuli za kila siku alimwachia meneja wake, Kioko, mtu wa bara kama mimi, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yangeweza kusimama yenyewe. Kioko ndiye aliyenunua mtambo wa kupokea simu. Ulikuwa umetoka Nairobi, umefungwa kwa maboksi na sifongo, na mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi nikiwa na cheti, viatu vya kuazima na mwaka mmoja wa majaribio. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha simu, akateremsha sauti. "Sikiliza, Wakio. Mtambo ukitulia, hatutahitaji opareta tena. Yule mama tutamshukuru." Nikauliza, na usipotulia? "Basi tutakushukuru wewe." Kutoka ndani ya chumba sauti ya kike, nene, isiyo na haraka, ikasema, "Nasikia, Bwana Kioko. Mlango huu ni wa mti, si wa chuma."

Hivyo ndivyo nilivyojulishwa kwa Bi Rukia. Niliingia, nikasema "habari," nikaenda moja kwa moja kwenye mtambo na kuanza kuchungulia nyaya. Nilikuwa nimeinama bado nilipomsikia akisema, "Mwanangu, habari ni swali. Ukiuliza, ngoja jibu." Nikageuka. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, ameketi mbele ya swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, buibui imeteremka mabegani, miwani imening'inia kwa uzi, na alikuwa ananitazama bila hasira, kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia sebuleni. Ikabidi nisimame sawa nikasikilize jibu. Jibu lilikuwa refu. Nilijifunza kwamba ameamka salama, kwamba usiku kulikuwa na joto, kwamba binti yake aliyeolewa Lamu hajambo ila mtoto ana kikohozi. Kisha zamu ikawa yangu, na nilipojibu "nzuri" akangojea, na akaendelea kungojea, mpaka nikajikuta namweleza habari za paa la chumba changu cha Tudor lilivyokuwa linavuja. "Ehe," akasema, ameridhika. "Sasa fanya kazi yako."

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Kuta zake zilikuwa nene kama urefu wa mkono, na ndani ya kuta mlikuwa na zidaka, vile vishubaka vya nyumba za kale, ambamo Bi Rukia alipanga bilauri, kopo la sukari, chupa ya mafuta ya kuchulia na chetezo cha ubani. Pangaboi lilizunguka juu kwa mlio wa mtu anayelalamika bila matumaini. Swichibodi ilikuwa karibu na dirisha, na seva, yaani kompyuta kubwa iliyobeba mtambo, ilikuwa juu ya meza ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya chakula. Bi Rukia hakukubali kwamba meza imebadilisha kazi. Kila asubuhi alikuja na mahamri na mbaazi za nazi, na kila asubuhi aliweka sinia juu ya seva, kwa kuwa pale juu palikuwa na vuguvugu lililohifadhi mahamri vizuri. Niliondoa sinia nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini sana, na kesho yake akaliweka palepale. Mimi nilikuwa nakuja na vipande vya mkate vilivyofungwa kwa karatasi, na siku ya tatu au ya nne aliutazama mkate wangu kwa huruma ya kweli, akasogeza sinia. Tulikuwa watu wawili wenye kiti kimoja, kila mmoja akijua kwamba riziki ya mwenzake imeziba njia ya yake, na tulikula pamoja mwaka mzima. Nimefanya kazi na watu wengi baada ya hapo, wengine wakiniita rafiki, na sikupata tena ushindani wenye mbaazi namna ile.

Kazi ya mtambo ilikuwa rahisi kuieleza. Ukimpigia mtu simu ofisini na hayupo, sauti ya mwanamke wa Kizungu ilikukaribisha, ukalia mlio mfupi, ukasema maneno yako kwa dakika mbili, kisha yakahifadhiwa katika sanduku la sauti la yule mtu. Akirudi, alikuta taa nyekundu inamwekamweka kwenye simu yake. Asiyejua namba ya ndani ya amtakaye alibonyeza sifuri, na kama laini zote za opareta zina watu, maneno yake yaliingia sanduku la opareta. Ndani ya seva kulikuwa na huduma kadhaa zilizofanya kazi bila kuonekana: moja ya kupokea simu, moja ya kuandika sauti kwenye diski, moja ya kuwasha zile taa. Kwenye skrini kila huduma ilikuwa na mstari wake, na pembeni neno la kusema inaendelea au imesimama. Nami karibu kila asubuhi nilizikuta zimesimama. Nilizianzisha upya, tena kwa mpangilio, maana ile ya kupokea ilikataa kuamka kabla ya ile ya kuandika, na ile ya taa ilikataa kabla ya zote mbili, kama wageni mlangoni kila mmoja anamwambia mwenziwe tangulia wewe. Zikiamka, zilifanya kazi saa kadhaa, kisha ya kuandika inasimama, na nyingine zinaifuata.

Bi Rukia alikuwa amempa yule mwanamke wa Kizungu wa ndani ya mtambo jina la mke mwenza. "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" aliniuliza nikiingia. Nikimwambia zimesimama, alivuta kiti mbele, akavaa miwani, akaweka kisikizi sikioni kwa madaha ya bibi harusi. "Basi leo zamu yangu." Na kweli, mtambo ukilala simu zote zilirudi kwake, na ofisi nzima ilipumua. Wateja walimpenda. Alijua nani ana kontena la vigae lililokwama, nani anaoza binti, nani asiunganishwe na nani mpaka hasira zipoe. Mimi nilikaa chini ya meza na bisibisi yangu nikimsikiliza, na nilikuwa na wivu, kwa sababu kifaa changu hakikuwa kikiungana na yeyote.

Nilitafuta kosa kila mahali. Fundi wa Nairobi aliyetuuzia mtambo alikuwa na dawa moja kwa maradhi yote. "Zima, ngoja kidogo, washa." Nilizima, nikangoja kidogo, nikawasha, mpaka kitufe kikaanza kulegea. Nilishuku umeme, nikabadilisha waya. Nilishuku joto, nikafungua ubavu wa seva pangaboi liupulize, na Bi Rukia akasema haya, mvueni nguo kabisa. Mwisho nilishuku ubani. Kila Ijumaa asubuhi alifukiza chumba, na nilimweleza kwamba mtambo huvuta hewa na moshi unaingia ndani. "Basi na uvute hewa njema," akasema. Tulibishana siku mbili, na katika kupatana chetezo kikahamishiwa ngazini. Jumamosi nilipanda ngazi zinazonukia kama arusi, nikafungua skrini, nikakuta huduma zote zimesimama. Bi Rukia alinimiminia chai tu, akaongeza sukari kuliko kawaida, na hilo liliniuma zaidi ya maneno.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mvua za masika zikaisha. Bwana Nassor alikuwa amesafiri kwenda Maskati kumwona binti yake, na Kioko aliniambia kwamba akirudi atataka kujua nani kati yetu anabaki. Siku moja, kwa kukosa tu la kufanya, nikaamua kupima nafasi katika diski ya sauti. Sikuwa nimeigusa kabla ya hapo kwa sababu fundi wa Nairobi aliapa kwamba haiwezi kujaa. "Hiyo, dada, imepimwa kwa ofisi kubwa kuliko yenu mara kumi." Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Nikizima na kuwasha, mtambo ulifagia takataka zake chache ukapata nafasi ya kupumua; simu kadhaa zikiingia, nafasi inakwisha, ile huduma ya kuandika haina pa kuandika, inasimama. Nilifurahi kama mtu aliyeona funguo zake. Kisha nikatazama ni sanduku la nani lililojaza diski, na furaha ikakatika. Masanduku ya watu wote yalikuwa na vijiujumbe viwili vitatu. Lililobaki, karibu diski nzima, lilikuwa la sifuri, la opareta.

Kioko alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nilijua," akasema. "Anauhujumu makusudi. Nampigia Bwana Nassor leo hii." Nilimwomba anipe mpaka jioni nizungumze naye kwanza. Sikuwa mwema kiasi hicho; nilitaka tu kuelewa, kwa sababu mtu wa kuhujumu mtambo angeumwagia chai, ambayo ilikuwa juu yake kila siku. Nilirudi chumbani. Kwa mara ya kwanza nilikaa, nikamwuliza juu ya binti yake wa Lamu, nikangoja jibu, ndipo nikasema, "Bi Rukia, ujumbe ukishausikiliza, mbona huufuti?"

"Nafuta ulojibiwa," akasema.

"Na ambao haujajibiwa?"

"Wangojea zamu." Akavua miwani. "Mwanangu, mtu kanitolea salaamu. Kaniuliza wanangu, kaniombea dua, ndipo akasema la mzigo wake. La mzigo nimelipeleka papo hapo kwa mwenyewe. Muulize Kioko kama kuna moya lilopotea. Lakini salaamu ile ni yangu mimi. Kutoa ni suna, kujibu ni faradhi, hata mtoto wa chuoni ayajua hayo. Nimfute mtu hajajibiwa?"

Basi alikuwa akiwapigia. Laini zikiwa wazi mchana, alimpigia mmoja mmoja kumrudishia salaamu yake, kisha ndipo akaufuta ule ujumbe kwa dhamiri safi. Tatizo ni kwamba kila aliyejibiwa alifurahi, akapiga siku ya pili kushukuru, na akikuta laini zina watu, anaingia sandukuni na salaamu mpya. Tena zile dakika mbili hazikumtosha mtu yeyote wa Mombasa. Walikuwa wanafika kwenye "na watoto je?" mlio unakata, wanapiga tena, na kwa kuwa hakuna mtu muungwana anayeanza katikati, wanaanza upya. Mzigo mmoja wa vigae uliingia kwa vipande vinne, na vitatu kati ya hivyo havikuwa na vigae ndani. Nilikwenda kumweleza Kioko. Alikaa chini polepole. "Unaniambia seva yetu imejaa salaamu."

"Imejaa salaamu."

Alifikiri. "Futa zote."

Fundi wa Nairobi naye akasema futa zote, na ilikuwa kubonyeza tu. Lakini nilipokaa mbele ya skrini Bi Rukia alisimama kando yangu, si kwa vitisho, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Watu wote hao utanitwika mimi," akasema. "Siku ya hesabu wataniuliza, Rukia, tulikusalimu, ukatufanya nini? Nitasema kulikuwa na kitufe?" Nikamwuliza, kwa kutapatapa tu, kama lazima ajibu kwa simu, au akijibu hapa chumbani, kwa mdomo, Mungu anasikia. Hilo lilimshughulisha. Alivaa buibui akaenda kumwuliza shemeji yake, mwalimu wa chuo cha Kurani hapo nyuma ya msikiti, na akarudi baada ya chakula cha mchana amenuna. Mwalimu alikuwa amesema jibu la ulimi latosha, pale pale mtu anaposikia. Nikasema hiyo ni habari njema. "Njema kwako," akasema. "Mimi miezi yote hii nashika simu mpaka sikio lapata moto, kumbe ningeliitikia nikaendelea na chai." Alinuna mpaka muuza kahawa alipopita, kisha akavuta kiti chake karibu na changu. "Haya. Lete wa kwanza."

Tulikaa hivyo siku nyingi, sisi wawili na mtambo. Mimi nacheza ujumbe, yeye anaitikia kwa sauti kamili, wala si kwa kunung'unika, "Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," anajibu kila swali lililoulizwa, anamwombea aliyemwombea, kisha ananitikisia kichwa, nami nafuta. Nilisikia mji mzima ukipita. Kulikuwa na mzee aliyeuliza kila mara hali ya mama yake Bi Rukia, ambaye alikuwa amekufa zamani, na kila mara Bi Rukia aliuambia mtambo kwa subira ileile, "Alifariki, Mzee, Mungu amrehemu, ulikuja mwenyewe maziko." Kulikuwa na bibi mmoja aliyemjibu yule mwanamke wa Kizungu, akimshukuru kwa makaribisho na kumwuliza ana watoto wangapi. Kulikuwa na mtu aliyesahau kukata simu, na kwa dakika mbili tukasikiliza nyumba yake ikibishana ni nani aliyemaliza samaki. Bi Rukia aliamua kesi ile papo hapo. Alisema ni yule aliyenyamaza. Kufikia wiki ya pili mimi, Mkristo wa kwaya ya kanisa la Tudor, nilikuwa naitikia salaamu pamoja naye bila kujua, na fundi mmoja wa bomba aliyekuja kutengeneza mfereji alituangalia mlangoni kwa muda, akateremka ngazi bila kudai malipo yake.

Lakini tulijua sote wawili tunachokifanya. Kila nilipofuta, diski ilipata nafasi, na huduma zikakaa wima siku nzima, kisha siku ya pili yake. Mtambo ulikuwa unatulia. Mtambo ukitulia, Bi Rukia angeshukuriwa, na alikuwa mjane mwenye nyumba ya kupanga na wajukuu wawili wanaosoma kwa mshahara wake. Hakuwa mjinga. Alikuwa anaona lile neno "inaendelea" kwenye skrini kama nilivyoliona mimi. Na bado aliniambia, "Haya, mwengine." Mara mbili nilijaribu kupunguza mwendo, nilisema macho yamechoka. Aliniambia kama macho yamechoka nifumbe, kidole hakihitaji macho.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kazi ile tulipomfikia Bwana Nassor. Alikuwa amepiga jana yake kutoka Maskati, amemtaka Kioko, hakuikumbuka namba yake ya ndani, akabonyeza sifuri. Ile sauti yake ndogo ilianza na salaamu, ikamwuliza Kioko hali yake, na mama watoto, na watoto, na joto la Mombasa, ikawatakia heri wafanyikazi wote, halafu ikauliza, "Na Bi Rukia naye, goti lake laonaje? Mwambie namuombea." Hapo akavuta pumzi. "Sasa Kioko, kuhusu huyu huyu Bi Rukia na hii swichibodi. Nimefikiri sana, na naona kwamba..." Mlio ukakata.

Hatukutazamana. Nikacheza uliofuata. Ulikuwa wake tena. Alitoa salaamu upya, akamtaka Kioko radhi kwa kukatika, akasema hii mitambo haina adabu, akauliza tena mama watoto, na joto, na wafanyikazi, na goti la Bi Rukia, maana zile za kwanza labda hazikufika. "Nilikuwa nasema, Kioko, kuhusu..." Mlio. Wa tatu ulikuwa wa kukosa subira, kwa kadiri ya adabu zake. Alifupisha watoto na kuacha joto, lakini akafika kwenye goti, akasimama pale kwa muda mrefu, tukimsikia anapumua, na nyuma yake sauti ya bakuli na kijiko. Kisha ukakatika kabla ya mlio. Baada ya hapo hakukuwa na ujumbe mwingine wake.

Bi Rukia alikunja mikono. "Waaleikumu salaam, Bwana Nassor," akaiambia seva. "Wafanyikazi wazima. Joto liko palepale. Goti alhamdulillahi lapata nafuu, Mungu akulipe kwa dua zako." Akanitikisia kichwa. Mkono wangu haukwenda. Nilisema tuziache hizo tatu, Bwana Nassor akirudi aulizwe alitaka kusema nini. Aliweka kiganja juu ya kidole changu. "Futa, mwanangu. Salaamu nimejibu. Lilobaki halikusemwa." Akabonyeza yeye, kwa kidole changu, mara tatu.

Bwana Nassor alirudi baada ya wiki chache. Nilikuwa nimeshajiandaa. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha Tudor, hotuba bora kuliko zote nilizowahi kutoa, na alipofika juu ya ngazi akiwa na vumbi la safari bado nilimfuata mpaka ofisini kwake, nikasimama mbele ya meza, nikaanza. Nilimweleza diski. Nilimweleza huduma, na jinsi zinavyotegemeana. Nilimwambia kwamba sanduku la sifuri lisipokuwa na mtu wa kulisikiliza na kulisafisha kila siku, tena mtu anayewajua wateja, mtambo wote utasimama kabla ya mwezi kuisha, na kwamba mtu huyo yupo, amekaa chumba cha pili. Kioko alijaribu kuingilia nikampandishia mkono. Bwana Nassor alinitazama muda wote kwa uso wa kungojea, kofia imeinama kidogo, na nilipomaliza akaendelea kungojea. Kisha akasema, polepole, "Mtambo na ukae. Na Bi Rukia na akae. Nawe pia, basi, kaa." Bi Rukia alikaa katika chumba kile miaka mingi baada ya hapo, mpaka alipostaafu kwa hiari yake, na katika miaka yote hiyo, nikipita mlangoni nikamsikia akicheka na mteja, nilikuwa najisemea moyoni, huyu nilimwokoa mimi. Nililea majivuno hayo kama watu wengine wanavyolea waridi. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nayamwagilia.

Jioni ya matanga mtoto wa marehemu alikuja kuniita. Bwana Nassor yuko barazani nje, amesikia nipo, anataka kuniamkia kabla hajaondoka. Amezeeka sana. Kofia ni ileile, mtu ndani yake amepungua. Nilikaa karibu naye, na mara hii nilijua taratibu: tukasalimiana mpaka mwisho, tukapeana pole, tukamtaja marehemu na kicheko chake. Ndipo nikamwuliza. Nilimwambia tulizisikia zile simu zake za Maskati, mimi na marehemu, na kwamba miaka yote sijajua alikuwa ameona nini.

Alitabasamu kwa haya, kama kijana. "Nilikuwa nimeona aondoke," akasema. "Kioko alinionesha hesabu zake, nikakubali. Nikapiga simu niseme. Mara ya kwanza nikakatwa. Mara ya pili nikakatwa. Mara ya tatu nimefika kwenye goti, nikajiambia, Nassor, wewe mtu gani? Humuulizi mtu goti lake mara tatu, ukamuombea, kisha ukamtoa kazini. Nikaweka simu chini nikaenda kula."

Jirani alikuwa anakusanya bilauri za kahawa. "Na yale maneno yangu, Bwana?" nikauliza. "Siku uliyorudi. Ya diski, na sanduku kutaka mtu."

Alinishika mkono kwa huruma nyingi. "Ulisema mengi siku ile, mwanangu. Lakini ulianza bila kuniamkia, nami nikawa nangojea uniamkie, sikusikia hata moya."